Almasi, dhahabu, mseto au kijani: makala yako uipeleke jarida huria la aina gani?

Ukishamaliza kuandika makala ya utafiti ndo kwanza swali gumu linaanza: unaipeleka wapi? Mfadhili anataka iwe huria, mkuu wa idara anataka jarida lenye jina, wewe unataka isomwe, na kwenye imeli kila wiki kuna majarida yanakuita "mtafiti mashuhuri" hata kama hii ndo makala yako ya kwanza. Hapa naweka njia nne zinazotumika duniani kuchapisha huria, nazipima kwa vipimo vile vile, alafu wewe utaangalia ipi inakaa na hali yako. Nitagusia pia jinsi ya kuyasaidia majarida mazuri, manake yakifa kwa kukosa pesa na wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa, hatutakuwa na cha kuchagua.

Jambo moja kwanza. Tangazo la Budapest la 2002 lilisema huria maana yake mtu yeyote mwenye intaneti asome, apakue, anakili na asambaze bila kulipa, na mwandishi atambuliwe kwa kazi yake. Halikulazimisha pesa ya kuendesha majarida itoke sehemu moja, likaacha milango mingi wazi, ndo sababu leo kuna rangi zote hizi. Kwa hiyo rangi inakwambia nani analipa na msomaji anaipata wapi. Haikwambii kama jarida ni zuri, na hapo ndipo watu wengi wanajichanganya.

Vipimo nitakavyotumia

Pesa: nani analipa, na unaambiwa lini. Uaminifu: kuna uhakiki wa kweli au hamna. Haki: nani anabaki na hatimiliki, na leseni inaruhusu nini. Kudumu: makala yako itakuwepo baada ya miaka ishirini au itapotea na websaiti. Mwisho inamfaa nani, na unaisaidiaje.

Kwenye uaminifu nataka nikae kidogo kwa sababu hii kazi ni ile ile kwa njia zote. Watu wengi wanaanzia DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza 2003 chuo kikuu cha Lund, Sweden, ikiwa na majarida 300, leo yamepita 20,000. Mwaka 2014 walikaza masharti wakayataka majarida yote yaombe upya, na 2016 wakatoa karibu 3,300 ambayo hayakuomba kwa wakati. Kwa hiyo kuwemo kuna uzito. Ila kutokuwemo sio ushahidi wa wizi, jarida jipya lisilofikisha mwaka wala makala kumi haliwezi kuingia bado, na majarida ya mseto hayaingii kabisa kwa sababu sio huria yote. Think. Check. Submit. nayo, iliyoanza 2015, ina orodha fupi ya maswali ya kujiuliza kabla hujatuma, itumie.

Alafu kuna ukaguzi wa mikono yako mwenyewe, na mimi huu nauamini kuliko orodha yoyote. Fungua ukurasa wa bodi ya wahariri, chukua majina matatu, usichukue ya juu kabisa, chukua ya katikati, kisha mtafute kila mmoja kwenye ukurasa wa chuo chake uone kama yeye mwenyewe amelitaja hilo jarida kwenye wasifu wake. Akiwa hajalitaja, mwandikie, imeli ya mistari miwili inatosha, "nimeona jina lako kwenye bodi ya jarida fulani, je ni kweli?" Wapo wanaojibu kwamba hawajawahi kulisikia. Baada ya hapo chukua DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, ya makala ya mwaka jana uibandike doi.org uone inakupeleka wapi. Angalia na tarehe chini ya kichwa cha makala: kama makala ya kurasa ishirini ilipokelewa tarehe 3 ikakubaliwa tarehe 7 mwezi huo huo, na inayofuata hivyo hivyo, na ile nyingine pia, jiulize hao wahakiki walisoma saa ngapi.

Kingine, kuna majarida yaliyotekwa, yaani mtu anatengeneza websaiti bandia kwa jina na ISSN (namba ya utambulisho) ya jarida halali anakusanya ada. Kwa hiyo anwani ya jarida usiitoe kwenye imeli uliyotumiwa, itafute kwa ISSN au kwenye ukurasa wa chuo au chama kinacholimiliki. Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizofutwa, wana orodha ya majarida yaliyotekwa, inakua kila mara.

Almasi: mwandishi halipi, msomaji halipi

Pesa. Jarida linabebwa na chuo, chama cha wanataaluma, serikali au maktaba zilizochangiana. Utafiti mkubwa wa 2021 ulikadiria kuna majarida ya hivi kati ya 17,000 na 29,000 duniani, na yanatoa asilimia 8 hadi 9 ya makala zote za kitaaluma. Amerika ya Kilatini wamejenga mfumo mzima hivi, SciELO ilianza Brazili miaka ya 1990 mwishoni, Redalyc iko Meksiko, na kwao kuchapisha bila ada ndo kawaida. Open Library of Humanities, inayochapisha tangu 2015, inaendeshwa kwa michango ya maktaba nyingi, kila moja inatoa kidogo.

Uaminifu. Hapa kuna faida moja watu hawaisemi sana: kama jarida halipati hata senti ukikubaliwa, halina sababu ya kipesa ya kukukubali. Hiyo peke yake inaondoa aina kubwa kabisa ya utapeli. Haiondoi udhaifu mwingine, kwa mfano jarida la idara ambalo kila toleo linajaa makala za watu wa idara hiyo hiyo. DOAJ wana kikomo kwa hilo, kazi za wahariri, wajumbe wa bodi na wahakiki wake zisizidi asilimia 25 ya makala za utafiti kwenye matoleo mawili ya mwisho. Unaweza kuhesabu mwenyewe kwa dakika kumi.

Haki. Mara nyingi nzuri, hatimiliki inabaki kwako na leseni ni ya Creative Commons, zile leseni za wazi zinazosema wengine wanaruhusiwa kufanya nini na kazi yako, lakini madogo mengine hayajaandika leseni popote. Jarida lisilo na leseni iliyoandikwa, waandikie uwaulize. Wakati mwingine wanaiweka wiki hiyo hiyo, hawakuwahi kufikiria tu.

Kudumu. Hapa ndo penye jeraha, na nalisema kwa sababu nayapenda haya majarida. Mengi yanaendeshwa na watu wawili watatu wanaojitolea, mmoja akistaafu au seva ya chuo ikibadilishwa, jarida linazimika. Utafiti uliotoka 2020 ulikuta majarida huria zaidi ya 170 yaliyopotea mtandaoni kati ya 2000 na 2019 bila nakala kamili kuhifadhiwa popote, mengi yakiwa ya vyuo na vyama vya kitaaluma. Kwa hiyo uliza: mnahifadhi wapi? Majibu unayotaka kusikia ni CLOCKSS, Portico, LOCKSS, au mtandao wa hifadhi wa PKP, watengenezaji wa OJS, ambao ni bure kwa majarida yanayotumia hiyo programu ya kuendeshea majarida.

Inamfaa nani. Asiye na bajeti, mtu wa sayansi za jamii, lugha, historia, sheria, na yeyote ambaye wasomaji wake wako nje ya vyuo tajiri. Jiandae kusubiri, wahariri wanafanya kazi hii usiku baada ya kazi zao.

Kulisaidia. Hakiki makala unayoombwa, na uirudishe kwa tarehe uliyoahidi. Hicho ndo kitu cha kwanza wahariri wanachokililia. Kama unajua OJS, jitolee kuwasajilia DOI au kuwaunganisha na hiyo hifadhi ya PKP, siku mbili zako zinaweza kuokoa miaka kumi ya matoleo.

Dhahabu yenye ada: msomaji halipi, upande wa mwandishi unalipa

Pesa. Ada ya uchapishaji, wengi wanaiita APC, inaanzia dola chache hadi maelfu. Wachapishaji PLOS walitoa jarida lao la kwanza 2003 kwa mtindo huu, wenzao BMC nao walikuwepo tangu mwanzoni, kwa hiyo wanaosema "ukilipa ni feki" wanakosea, sayansi nyingi nzuri imepita humu. Kitu cha kuangalia ni kama ada imeandikwa wazi kabla hujatuma. Msamaha upo, wachapishaji wengi wakubwa wanatumia makundi ya nchi ya Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi za kipato cha chini kupata machapisho, kundi A hulipi, kundi B nusu. Ila uombe mapema, soma masharti ya jarida lenyewe, kuna wanaosema wazi kwamba hawapokei ombi ukishakubaliwa, na kuna wanaoangalia nchi ya mwandishi mhusika tu au waandishi wote.

Uaminifu. Hapa ndo penye bora kabisa na penye matapeli, nyumba moja. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alituma makala bandia yenye makosa ya wazi kwa majarida 304 ya kulipia, 157 yakaikubali. PLOS ONE waliikataa. Baadhi ya walioikubali walikuwa kwenye DOAJ ya wakati ule, na baada ya hapo ndo masharti yakakazwa. Kumbuka lakini, hakujaribu majarida ya kujiandikisha, yale ambayo msomaji au maktaba ndo inalipia kusoma, kwa hiyo jaribio lile haliwezi kutumika kusema yale ya zamani yako salama zaidi. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho ya Marekani iliamuru wachapishaji OMICS walipe zaidi ya dola milioni 50 kwenye kesi ya FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, malalamiko yakiwa ni kuficha ada hadi makala ikubaliwe, kudanganya kuhusu uhakiki, na kutumia majina ya watu kwenye bodi bila ruhusa. Soma tena ile kazi ya kuangalia majina matatu ya bodi utaona kwa nini naing'ang'ania.

Na jina kubwa sio kinga. Wachapishaji wakubwa Wiley walinunua wenzao Hindawi 2021 kwa dola milioni 298, na 2023 peke yake makala zaidi ya 8,000 za Hindawi zikafutwa, nyingi zilipita kwenye matoleo maalumu yenye wahariri wageni ambapo viwanda vya makala feki vilijipenyeza. Waandishi waaminifu waliokuwa humo wameachwa na jarida lenye doa kwenye wasifu wao. Kwa hiyo ukialikwa kwenye toleo maalumu angalia jarida lina matoleo maalumu mangapi kwa mwaka, kama ni mengi kuliko ya kawaida, kaa mbali kidogo.

Haki na kudumu. Hapa dhahabu inafanya vizuri, mara nyingi leseni ni CC BY, ile inayotaka utajwe tu, hatimiliki yako, DOI ipo, hifadhi ipo. Soma tu isije ikawa CC BY-NC-ND, inayozuia biashara na kubadilisha, na mfadhili wako anataka CC BY.

Inamfaa nani. Mwenye ruzuku iliyotenga pesa ya kuchapisha, au anayestahili msamaha. Watu wa afya na baiolojia wengi wako hapa. Usitoe ada mfukoni mwako kabla hujaijaribu njia ya kijani hapo chini, nasema hivyo kwa moyo wote, nimeona vijana wanakopa.

Kulisaidia. Kama kuna chama cha kitaaluma kinachoendesha jarida kwa ada ndogo iliyoelezwa inakwenda wapi, peleka pesa ya mfadhili huko badala ya kuipeleka palipo na ada kubwa isiyo na maelezo.

Mseto: jarida la kujiandikisha, unalipia makala yako ifunguliwe

Hapa nitapita haraka. Pesa ndo tatizo lenyewe: ada huwa juu kuliko dhahabu, na Nature walipofungua mlango huu Januari 2021 walitangaza euro 9,500 kwa makala moja. Maktaba bado inalipia jarida lile lile, ndo maana watu wanalalamika kwamba mchapishaji anakula mara mbili. Misamaha ya nchi mara nyingi haifiki huku. Wafadhili wa cOAlition S, umoja wa wanaodai utafiti wanaoulipia uwe huria, walioanza kutekeleza mpango wao wa Plan S 2021, hawalipii ada ya mseto nje ya mikataba ya mpito (ya kuhamisha majarida yawe huria), na kama umoja waliweka mwisho wa 2024 kuwa kikomo cha kuichangia mikataba hiyo.

Uaminifu huwa mzuri, mengi ni majarida ya miaka mingi yenye wahariri wanaojulikana. Haki, angalia fomu: ukichagua huria unapata leseni ya Creative Commons, ukibonyeza kisanduku kingine unahamisha hatimiliki, na visanduku viko pamoja kwenye ukurasa mmoja. Kudumu hamna wasiwasi.

Inamfaa mtu ambaye maktaba ya chuo chake ina mkataba wa kusoma na kuchapisha na mchapishaji huyo, yaani ada imeshalipwa. Muulize mkutubi kabla hujatuma, kuna pesa za mikataba zinabaki bila kutumika kwa sababu hakuna aliyeuliza. Na kusaidia hapa naona ni kwa kusukuma jarida lihame liwe huria kamili. Inawezekana: wahariri wa jarida la isimu Lingua walijiuzulu wote 2015 wakaanzisha Glossa, ambako mwandishi halipi, na 2023 wahariri wa NeuroImage, ambalo lilikuwa tayari huria, nao wakajiuzulu kwa sababu ya ada kubwa wakaanzisha Imaging Neuroscience. Ukiletewa makala ya kuhakiki na jarida jipya la namna hii, libebe.

Kijani: chapisha popote, weka nakala yako kwenye hifadhi

Pesa. Sifuri. Unapeleka jarida lolote unalolitaka, hata la kujiandikisha, alafu nakala yako unaiweka kwenye hifadhi ya chuo au ya taaluma. Watu wa fizikia wanafanya hivi tangu 1991 Paul Ginsparg alipoanzisha hifadhi ya arXiv. Hifadhi ya Zenodo, iliyoko kwenye kituo cha fizikia cha CERN tangu 2013, inapokea taaluma zote.

Uaminifu. Unategemea jarida ulilochagua. Hifadhi hazihakiki, kwa hiyo nakala ya awali (ile kabla ya uhakiki) peke yake kwenye arXiv au bioRxiv sio sawa na makala iliyohakikiwa, andika wazi ni ipi.

Haki ndo pa kuangalia. Kuna nakala tatu za makala moja: uliyotuma mara ya kwanza, uliyorekebisha baada ya wahakiki ikakubaliwa, na PDF iliyopangwa na jarida yenye nembo na namba za kurasa. Mara nyingi unaruhusiwa kuweka ile ya kati, ya tatu hapana. Tatizo watu hawaihifadhi, iko kwenye kompyuta kwa jina "final_mpya2" alafu miaka miwili baadaye hawajui ipi ni ipi. Siku unapopata imeli ya kukubaliwa, siku hiyo hiyo ihifadhi pembeni kwa jina linaloeleweka. Kisha angalia sera ya jarida kwenye Sherpa Romeo, siku hizi inaitwa Open Policy Finder ya Jisc: inakwambia nakala ipi, wapi, na baada ya miezi mingapi, wengine wanadai usubiri miezi 6, 12 au zaidi. ResearchGate na Academia.edu ni mitandao ya kujuana, sio hifadhi, usiishie huko.

Kudumu. Hifadhi ya chuo imara inakaa, na programu ya Unpaywall inamwonyesha msomaji nakala yako anapokutana na geti la malipo.

Inamfaa nani. Anayelazimika kuchapisha kwenye jarida fulani kwa ajili ya kupandishwa cheo na hana pesa. Pia mwenye makala kumi za zamani zimefungiwa, fungua hizo wiki hii. Kulisaidia: wafundishe wenzako, na umsumbue mkuu wa chuo hifadhi iwe na mtu anayelipwa kuisimamia.

Kwa hali yako sasa

Kama una ruzuku na mfadhili ana sera, anza na sera, sio na jarida. Soma kama anataka CC BY, kama analipia mseto, kama anaruhusu kijani, ndipo ufungue DOAJ uchuje kwa somo na kwa ada.

Kama huna pesa na unataka isomwe haraka, weka nakala ya awali kwanza kama taaluma yako inakubali na jarida unalolilenga halikatazi, alafu peleka almasi yenye hifadhi, au dhahabu yenye msamaha ulioandikwa.

Kama kamati ya kupandisha vyeo inataka Scopus (orodha ya majarida) au Impact Factor (kipimo cha jarida linavyonukuliwa), yapo majarida ya almasi na dhahabu humo, hakikisha kwenye orodha yenyewe na sio kwenye bango la websaiti ya jarida, manake vipimo vya uongo vipo vingi, "impact" hizi na zile ambazo hakuna anayezijua. Ukikosa, nenda na la kujiandikisha ufungue kwa kijani.

Kama wewe ndo unakaa kwenye hiyo kamati, una nguvu kuliko sisi wote. Tamko la San Francisco, DORA, la 2013, linataka kazi ipimwe kwa yaliyomo badala ya jina la jarida. Soma makala ya mwombaji yenyewe, hata kurasa tano, na usimkate alama kwa sababu jarida halitozi ada.

Na kama ni mkutubi au unashika bajeti ya maktaba, tenga sehemu kila mwaka kwa vitu ambavyo wote tunavitumia bure bila kuviona: DOAJ, OJS, hifadhi, na michango ya aina ya Open Library of Humanities. SCOSS walianza 2017 kuratibu michango hii na wanachuja nani anahitaji, kwa hiyo huhitaji kutafuta peke yako, unachohitaji ni mstari mmoja kwenye bajeti wenye jina lake, ili mwaka ujao atakayekaa kwenye kiti chako aukute pale.